Afasia kwa Wasemaji Wawililugha: Ekegusii na Kiswahili katika Kisii na Nyamira

Ikisiri

Makala haya yanaeleza hali iitwayo afasia, yaani kupotea au kudhoofika kwa lugha kutokana na jeraha la ubongo, miongoni mwa watu wanaotumia lugha zaidi ya moja. Mifano imejikita katika kaunti za Kisii na Nyamira, ambako Ekegusii, Kiswahili na Kiingereza hukutana kila siku. Hoja kuu ni kwamba lugha za mtu mmoja haziathiriki kwa kiwango sawa daima. Kwa sababu hiyo, mgonjwa anayepimwa katika lugha moja tu anaweza kuhukumiwa kimakosa. Mwishoni tunaonyesha kazi inayomsubiri mwanafunzi wa Kiswahili na isimu katika uwanja huu.

1. Utangulizi

Aghalabu binadamu haitambui thamani ya lugha yake mpaka siku inapomponyoka. Mtu huamka asubuhi akiwa mzima wa akili, anawajua watoto wake, anajua yuko wapi na anataka nini, lakini neno analolitafuta halitoki. Pengine linatoka jingine ambalo hakulikusudia. Walio karibu naye husema amekuwa bubu. Wengine husema amerukwa na akili. Na wapo wanaodhani amerogwa. Kauli zote tatu hukosea shabaha. Bubu hakuwahi kusema, ilhali huyu alisema vyema hadi jana. Akili zake, kwa kiasi kikubwa, zingalipo. Kilichoumia ni ile sehemu ya ubongo inayoiendesha lugha.

Katika kaunti za Kisii na Nyamira jambo hili lina uzito wa pekee. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira watu 605,576. Wengi wao ni Abagusii, ambao lugha yao ya kwanza ni Ekegusii, lugha ya Kibantu iliyozungukwa na majirani wasio Wabantu kama vile Wajaluo na Wakipsigis. Nyumbani na sokoni hutumika Ekegusii. Shuleni, barabarani na katika ofisi za serikali hutumika Kiswahili. Mahakamani na katika karatasi za hospitali hutawala Kiingereza. Kwa hiyo swali la kuulizwa kuhusu mgonjwa wa huko si "Je, amepoteza lugha?" bali "Amepoteza ipi, kwa kiasi gani, na ipi imesalia?"

2. Dhana ya afasia

Afasia ni upungufu wa uwezo wa kuunda au kuelewa lugha unaosababishwa na jeraha la ubongo kwa mtu ambaye awali alikuwa na uwezo huo. Sababu yake kubwa ni kiharusi, ambapo mshipa wa damu ubongoni huziba au kupasuka na sehemu fulani ya ubongo ikakosa damu. Sababu nyingine ni pigo la kichwa, uvimbe na maambukizi. Siku hizi ajali za pikipiki za bodaboda zimeongeza idadi ya vijana wanaopata majeraha ya kichwa, na kwa hivyo si sahihi kuiona afasia kuwa maradhi ya wazee pekee.

Historia ya taaluma hii huanzia Paris mwaka 1861, pale daktari Paul Broca alipomchunguza mgonjwa ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka takriban silabi moja tu, "tan", ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake akakuta jeraha katika sehemu ya mbele ya kizio cha kushoto. Mwaka 1874 Carl Wernicke wa Ujerumani alieleza hali iliyo kinyume chake: wagonjwa wanaosema kwa wepesi, tena maneno mengi, lakini maneno hayo hayana maana na wao wenyewe hawaelewi vyema wanachoambiwa. Jeraha lao lilikuwa nyuma zaidi, katika eneo la juu ya sikio la kushoto. Tangu wakati huo imekubalika kwamba kwa watu wengi kizio cha kushoto ndicho chenye mzigo mkubwa wa lugha. Ndiyo sababu mgonjwa wa afasia mara nyingi hupooza pia mkono na mguu wa kulia.

Ni muhimu kutenga afasia na hali zinazofanana nayo. Mtu ambaye misuli ya ulimi na midomo imelegea hutamka vibaya, lakini lugha yake ni kamili. Akipewa kalamu, kama anajua kuandika, ataandika sentensi sahihi. Mwenye afasia, kinyume chake, hupata taabu katika kuandika na kusoma pia, kwa sababu kilichoumia si kinywa bali ni lugha yenyewe.

3. Majeraha ya kichwa katika historia ya Abagusii

Elimu ya majeraha ya kichwa si ngeni kwa Abagusii. Kwa vizazi vingi jamii hii ilikuwa na waganga wa kupasua kichwa. Mganga wa aina hiyo huitwa omobari, na kwa wingi ababari. Mtu aliyepigwa kichwani, kisha akasumbuliwa na maumivu yasiyokwisha, alipelekwa kwa omobari, ambaye aliichana ngozi ya kichwa na kuukwangua mfupa taratibu hadi sehemu iliyovunjika au kudhaniwa kuwa na kasoro ilipoondolewa. Kazi hiyo iliwavutia madaktari wa kigeni. J. G. Grounds aliiandikia mwaka 1958 katika jarida la matabibu la Afrika Mashariki, na Edward Margetts, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi katika hospitali ya Mathari jijini Nairobi katika miaka ya 1950, akachapisha uchunguzi wake mwaka 1967.

Jambo moja katika ufundi huo lina uhusiano wa moja kwa moja na mada yetu. Omobari alijihadhari sana asiutoboe utando mgumu unaoufunika ubongo chini ya mfupa. Tahadhari hiyo ndiyo iliyowaokoa wagonjwa wengi, kwani kuupita utando huo ni kuhatarisha uhai wenyewe, pamoja na kazi zote za ubongo, lugha ikiwa mojawapo. Ufundi wake, basi, ulihusu mfupa na maumivu. Afasia iko chini ya utando huo, mahali ambapo kisu chake hakikufika. Hata leo, hospitali ikisha kushona jeraha na kuzuia damu, mara nyingi mgonjwa huruhusiwa kwenda nyumbani bila mtu yeyote kuichunguza lugha yake. Mfupa hupona, naye hubaki na kimya chake.

4. Lugha mbili katika ubongo mmoja

Wataalamu wa kwanza waliolishughulikia suala la wawililugha walitafuta kanuni moja ya jumla. Mwaka 1881 Théodule Ribot wa Ufaransa alishikilia kwamba kumbukumbu za zamani hudumu kuliko za karibuni. Kwa maoni hayo, lugha ya mama ndiyo inayosalia. Mwaka 1895 Albert Pitres naye alidai kwamba lugha inayorudi kwanza ni ile ambayo mgonjwa aliizoea na kuitumia zaidi kabla ya kuugua. Kwa mkulima wa Nyamira ambaye maisha yake yote yamekuwa ya Ekegusii, kanuni hizi mbili hutoa jibu moja. Lakini kwa mwalimu mstaafu aliyefundisha kwa Kiswahili na Kiingereza kwa miaka thelathini zinagongana: ya Ribot ingetabiri Ekegusii, na ya Pitres ingeweza kutabiri Kiswahili.

Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba hakuna kanuni moja inayowafaa wagonjwa wote. Michel Paradis wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alibainisha ruwaza kadhaa za kurejea kwa lugha. Kuna kurejea sambamba, ambapo lugha zote hurudi kwa pamoja na kwa kiwango kinacholingana na hali ya awali. Kuna kurejea kwa tofauti, ambapo moja huizidi nyingine. Kuna kurejea kwa zamu, ambapo ya pili haianzi mpaka ya kwanza imekamilika. Kuna kurejea kwa uhasama, ambapo moja hufifia kadiri nyingine inavyoimarika. Kuna kurejea kwa kuteua, ambapo lugha moja hairudi kabisa. Mwishowe, kuna kurejea kwa mchanganyiko, ambapo mgonjwa hawezi tena kuzitenga lugha zake.

Ruwaza ya kwanza ndiyo ya kawaida zaidi, lakini si ya wote. Franco Fabbro, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2001, aliwachunguza wagonjwa 20 wa Italia waliosema Kifriuli na Kiitaliano. Kwa wagonjwa 13 lugha zote mbili ziliathirika kwa kiwango kimoja. Kwa 4 lugha ya pili iliathirika zaidi. Na kwa 3 ni lugha ya kwanza iliyoathirika zaidi. Hii ina maana kwamba mgonjwa mmoja kati ya watatu hivi angeeleweka visivyo kama angepimwa katika lugha moja peke yake.

Visa viwili huidhihirisha hoja hii. Cha kwanza kilitokea barani Afrika. Mwaka 1982 Paradis na wenzake waliandika kuhusu mtawa Mfaransa, muuguzi wa watoto aliyeishi Moroko kwa miaka mingi na kukijua Kiarabu barabara, ambaye aliumia kichwani katika ajali ya pikipiki ndogo. Baadaye kulikuwa na siku ambapo aliweza kusema Kiarabu huku Kifaransa kikimkwama, na siku nyingine mambo yakageuka. La kushangaza zaidi, aliweza kutafsiri kuingia katika lugha ambayo siku hiyo hakuweza kuisema kwa hiari yake. Daktari ambaye angemwona siku moja tu angeandika katika faili lake kwamba lugha fulani imepotea, na siku iliyofuata angekutwa mwongo.

Kisa cha pili ni cha mwaka 1993, kilichoelezwa na Salvatore Aglioti pamoja na Fabbro. Mwanamke mmoja wa kaskazini mwa Italia alikuwa akisema lahaja ya Verona maisha yake yote, na Kiitaliano sanifu kwa nadra mno. Baada ya kiharusi kilichoathiri sehemu za ndani ya ubongo, lahaja ya mama yake ilimtoka, akabaki na Kiitaliano ambacho alikuwa hakitumii. Ribot na Pitres wote wawili wangeshindwa kukieleza kisa hiki.

Kwa nini iwe hivyo? Si kwamba kila lugha imewekwa katika kijisanduku chake ubongoni, kwani kwa kiasi kikubwa lugha za mtu hutumia maeneo yale yale. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni mawili. Kwanza, mwenye lugha mbili huziamsha zote anaposema, na ubongo hulazimika kuizuia moja ili nyingine ipite. David Green aliieleza nadharia hii mwaka 1986. Jeraha likivuruga uzuiaji huo, lugha iliyo salama yaweza kufungiwa isitoke. Pili, Paradis anasisitiza kwamba sarufi ya lugha tuliyoipata utotoni hukaa katika kumbukumbu ya utendaji, kama vile kutembea au kupalilia, ilhali sarufi tuliyofundishwa darasani hutegemea zaidi kumbukumbu ya maarifa. Kumbukumbu hizi mbili hutumia sehemu tofauti za ubongo. Jeraha likiipata ile ya utendaji, lugha ya mama ndiyo inayoumia, na lugha ya shule ikasalimika.

5. Ekegusii na Kiswahili mbele ya mpimaji

Nadharia nyingi za afasia zimejengwa juu ya lugha za Ulaya na chache za Asia. Mwaka 1990 Lise Menn na Loraine Obler walihariri kitabu kikubwa kilicholinganisha afasia ya kisarufi katika lugha 14, na hamkuwamo lugha hata moja ya Kibantu. Hii haimaanishi kwamba Wabantu hawajawahi kuchunguzwa: mwaka 1970 Anthony Traill wa Afrika Kusini aliandika kuhusu mgonjwa aliyesema Kindebele. Hata hivyo, pengo lililopo ni kubwa, nasi tuna sababu za kiisimu za kulijali.

Mgonjwa wa Kiingereza mwenye afasia ya kisarufi hudondosha viambishi, akabaki na maneno makavu. Katika lugha za Kibantu hilo si rahisi, kwa kuwa mzizi wa kitenzi au wa nomino peke yake aghalabu si neno. Yosef Grodzinsky alikwisha kuonyesha mwaka 1984, kwa mifano ya Kiebrania, kwamba pale ambapo kudondosha kungezaa kitu kisicho neno, mgonjwa hubadilisha kiambishi badala ya kukiacha. Kwa hiyo katika Kiswahili tunatarajia makosa ya aina ya "watoto anacheza" kuliko "toto cheza". Kwa Ekegusii vivyo hivyo, tunatarajia ngeli zichanganywe: mtu ni omonto na watu ni abanto, mti ni omote na miti ni emete, kiti ni ekerogo na viti ni ebirogo, nyumba moja ni enyomba na nyingi ni chinyomba.

Hapa ndipo mpimaji asiyeijua lugha anapoweza kupotoka, tena kwa njia tatu.

Kwanza, ni lahaja na lafudhi. Ekegusii haitofautishi fonimu /l/ na /r/. Mzee anayetamka "kurara" badala ya "kulala" huenda alitamka hivyo tangu ujana wake. Hiyo si dalili ya ugonjwa. Hali kadhalika, upatanisho wa aina ya "viti zangu" husikika kila siku katika Kiswahili cha Kenya bara. Anayepima kwa kipimo cha Kiswahili sanifu atahesabu afya kuwa maradhi. Ekegusii nayo ina lahaja mbili kuu, Ekerogoro na Ekemaate, na haifai msemaji wa moja apimwe kwa msamiati wa nyingine.

Pili, ni ukaribu wa lugha zenyewe. Mgonjwa akisema "nyomba", je, amekusudia neno la Kiswahili akakosea irabu, au amekusudia enyomba akaiacha irabu ya mwanzo? Kila jibu huelekeza kwenye uchunguzi wake. Zaidi ya hayo, Ekegusii ina irabu saba, ingawa huandikwa kwa herufi tano, na ina toni; Kiswahili kina irabu tano na hakina toni. Yamkini jeraha likaivuruga toni ya mgonjwa katika Ekegusii, na dosari hiyo isionekane kabisa katika Kiswahili chake.

Tatu, ni uchanganyaji wa lugha. Katika mji wa Kisii, mtu mzima wa afya huchanganya Ekegusii, Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja bila taabu. Kuchanganya peke yake si dalili. Dalili ni kuchanganya mahali ambapo mgonjwa hakuwa akichanganya, au kumsemesha mtu kwa lugha ambayo mgonjwa mwenyewe anajua fika kwamba mtu huyo haielewi.

6. Upimaji na utunzaji wa mgonjwa

Mwaka 1987 Paradis, pamoja na Gary Libben, walichapisha kipimo maalumu cha afasia kwa wawililugha, ambacho kimeandaliwa katika lugha zaidi ya 60. Msingi wake wa kwanza ni kwamba toleo la kila lugha halitafsiriwi neno kwa neno, bali huundwa upya kufuatana na sarufi na utamaduni wa lugha husika. Swali linalopima umoja na wingi kwa Kiingereza halina budi kuwa swali la ngeli kwa Ekegusii. Picha ya kifaa asichokijua mkazi wa Gucha au Borabu haipimi lugha yake; inapima usafiri wake.

Hata pasipo kipimo rasmi, yapo mambo ambayo jamaa na wahudumu wa afya wanaweza kuyazingatia:

Kwanza, iulizwe historia ya lugha ya mgonjwa: alisema lugha gani na mama yake, alisomea lugha gani, anasali na kuhesabu fedha kwa lugha gani, na alizungumza namna gani kabla ya kuugua.

Pili, kila lugha ipimwe peke yake, ikiwezekana katika siku tofauti, na mtu anayeijua. Mpwa au binti anayetafsiri asimjibie mgonjwa, wala asiyanyooshe maneno yake. Kosa lililonyooshwa na mkalimani limefichwa machoni pa daktari.

Tatu, maamkizi yasimdanganye mtu. Mgonjwa anaweza kuitikia "Bwakire" asubuhi, akahesabu moja hadi kumi au kuimba wimbo wa kanisani aliouzoea, kisha akashindwa kuomba maji. Maneno yaliyozoeleka sana hutoka yenyewe hata lugha ikiwa imeumia. Hayathibitishi kwamba amepona. Lakini pia yanaonyesha kwamba kinywa kingali na uwezo, nayo ni njia mojawapo ya kuanzia mazoezi.

Nne, mgonjwa asemeshwe kwa sentensi fupi, kwa utulivu, swali moja baada ya jingine, pamoja na ishara na picha. Kumpigia kelele hakusaidii, kwani masikio yake ni mazima. Na asizungumziwe mbele yake kana kwamba hayupo.

Hili la mwisho si suala la adabu pekee. Mzee aliyepata kiharusi anaweza kuitwa na ukoo aeleze mipaka ya shamba au urithi wa watoto wake. Akiulizwa kwa Kiswahili akakosa neno, itasemwa kwamba hana akili timamu, na uamuzi utafanywa bila yeye. Huenda Ekegusii yake ingetosha kulijibu swali lile lile, au kichwa kinachotikiswa kwa ndiyo na la. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Na kifungu cha 7 kinaitaka serikali ikuze na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Mwenye afasia anaguswa na vifungu vyote viwili.

Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha bado ni wachache katika eneo letu. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada ya fani hiyo mwaka 2008, hatua iliyofungua mlango kwa Afrika Mashariki. Lakini mtaalamu hawezi kupima kwa lugha ambayo haijaandaliwa zana.

Ni vyema pia kuondoa hofu ya baadhi ya wazazi kwamba lugha nyingi huuchosha ubongo. Mwaka 2016 Suvarna Alladi na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 608 wa kiharusi huko Hyderabad, India. Waliobaki na uwezo wa kawaida wa kiakili walikuwa asilimia 40.5 ya wawililugha, ikilinganishwa na asilimia 19.6 ya wenye lugha moja. Wawililugha hawakuepushwa na afasia, kwani iliwapata kwa kiwango kilichokaribiana na cha wenzao, lakini hawakudhurika zaidi kwa kuwa na lugha mbili.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba afasia si ububu wala wazimu. Kwamba lugha za mtu mmoja zaweza kuathirika kwa namna tofauti. Na kwamba haiwezekani kukisia lugha itakayosalia pasipo kuzipima zote. Tumeona pia kwamba sarufi za Ekegusii na Kiswahili zinadai vipimo vyake zenyewe, si tafsiri za vipimo vya Kiingereza.

Kazi hii haiwezi kuachiwa madaktari peke yao. Daktari anajua mshipa ulioziba, hajui ngeli. Ni mwanafunzi wa isimu awezaye kuandaa orodha ya maneno ya kila siku katika Ekerogoro na Ekemaate, kupanga sentensi kuanzia nyepesi hadi nzito, kurekodi mazungumzo ya watu wazima wenye afya ili tujue kawaida ni ipi, na kueleza kosa gani ni la lafudhi na kosa gani ni la jeraha. Tasnifu nyingi za shahada zetu zimeandikwa kuhusu fonolojia na mofolojia ya lugha za Kibantu. Zikitolewa maktabani na kufikishwa wodini, zitamsaidia mgonjwa kusikika katika lugha aliyobaki nayo. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.